DMITRI: JINA LILILOKATAA KUFA

Kila anayesoma taarifa ya habari redioni anazo siku zake za kuyahofia majina ya Warusi. Mimi lililonitaabisha tangu mwanzo ni Dmitri. Ulimi wa Mswahili haupendi “d” na “m” zikae pamoja bila irabu katikati, kwa hiyo nikawa nasoma Dimitri, na mhariri wangu akawa ananikaripia. Baadaye nikagundua kuwa sikuwa mbali na ukweli. Wagiriki, wenye jina lao, husema Dimitrios, na Kanisa la Warusi lenyewe hutamka Dimitri. Tangu hapo nimekuwa nikilifuatilia jina hili, maana watu wamelipigania kama wapiganiavyo kiti cha enzi.

Maana yake ni “wa Demeter”, na Demeter alikuwa mungu wa kike wa nafaka wa Wagiriki wa kale. Ukristo ulipoingia, miungu hiyo ilipewa kisogo, lakini majina hayakutupwa. Mmoja aliyekuwa nalo aliuawa kwa ajili ya imani yake mwanzoni mwa karne ya 4, akahesabiwa kuwa mlinzi wa mji wa Thessaloniki.

Katika karne ya 6 na ya 7 Waslavi waliuzingira mji huo mara kadhaa wasiutwae. Wenyeji waliamini kwamba ni Dimitrios mwenyewe aliyesimama juu ya kuta na kuwafukuza. Hao hao Waslavi, walipobatizwa baadaye, wakawapa watoto wao jina la yule aliyesemekana kuwapiga!

Si hivyo tu. Mwaka 1185 Wabulgaria walikuwa chini ya Konstantinopoli na kodi ilikuwa imewalemea. Mwaka huo huo Wanormani waliuteka Thessaloniki. Ndugu wawili, Peter na Asen, wakajenga kanisa la Mtakatifu Dimitri mjini Tarnovo, wakawatangazia watu kwamba mtakatifu amewahama Wagiriki na amekuja kwao. Watu wakashika silaha, na dola ya Bulgaria ikafufuka. Lakini ndugu yao mdogo, Kaloyan, alipokwenda kuuzingira Thessaloniki mwaka 1207 na kufia huko, Wagiriki walisema ni Dimitrios aliyemchoma mkuki. Kumbe hakuwa amehama!

Kwa Warumania jina likawa Dumitru, likashuka mpaka kwa mchunga kondoo. Sikukuu ya mtakatifu huyo, tarehe 26 Oktoba, ndiyo iliyofunga mwaka wa wachungaji. Makundi yalikuwa yameshushwa kutoka milimani, na mikataba iliyofungwa Aprili, siku ya Mtakatifu George, ilimalizwa na watu wakalipana. Mji wa Bucharest una Dimitri wake mwingine, mtawa wa kijiji kimoja cha Bulgaria. Warusi walitaka kuuchukua mwili wake wakati wa vita vyao na Waturuki, lakini ukabaki Bucharest mwaka 1774. Hata mifupa yenye jina hilo iligombewa.

Tuje Urusi kwenyewe. Mwaka 1380 Dmitri mtawala wa Moscow aliwashinda Watatari karibu na mto Don, akaitwa Donskoy. Hata hivyo, Dmitri aliyeitikisa nchi hiyo kuliko wote alikuwa mtoto wa miaka minane.

Huyo alikuwa mwana wa mwisho wa Tsar Ivan, yule aliyeitwa wa Kutisha. Tarehe 15 Mei 1591, mjini Uglich, alikutwa na jeraha la kisu kooni. Kengele ikagongwa, watu wakakusanyika kwa hasira, wakawaua maofisa waliowashuku. Tume iliyoongozwa na Vasily Shuisky ikasema mtoto alijikata mwenyewe, kifafa kilipomshika akicheza na kisu. Minong’ono ikasema ni Boris Godunov, aliyekuwa na madaraka makubwa serikalini, aliyetuma wauaji. Wanahistoria wanabishana mpaka leo.

Mwaka 1598 Godunov akawa Tsar. Ikafuata njaa kubwa ya mwaka 1601 hadi 1603, na wengi wakaona hiyo ni adhabu ya Mungu. Ndipo kijana mmoja akajitokeza huko Poland, akadai kuwa yeye ndiye Dmitri na kwamba hakufa. Juni 1605 aliingia Moscow kwa shangwe. Mama wa yule mtoto akaletwa, naye akamkubali hadharani kuwa mwanawe! Shuisky naye akaisahau ripoti yake, akasema mtoto aliponyoka.

Kijana huyo hakutawala hata mwaka mzima. Aliuawa tarehe 17 Mei 1606, na inasimuliwa kwamba mwili ulichomwa moto, majivu yakapigwa kwa mzinga kuelekea Poland alikotoka. Shuisky akakalia kiti, akaja na kauli ya tatu: mtoto aliuawa kwa amri ya Godunov. Marehemu akatangazwa mtakatifu. Katika kazi hii nimewasikia wakubwa wengi wakigeuza maneno yao, lakini kauli tatu juu ya maiti moja, hapo navua kofia.

Hata hivyo jina halikuzikika. Mwaka 1607 akazuka Dmitri wa pili, na Marina Mniszech, mjane wa yule wa kwanza, akamkubali kuwa mumewe. Huyo naye aliuawa Desemba 1610. Mwaka 1611 akatokea wa tatu. Utulivu ulianza kurejea baada ya Mikhail Romanov kuchaguliwa kuwa Tsar mwaka 1613.

Na ile kengele ya Uglich? Nayo ilihukumiwa. Iling’olewa ulimi, ikapelekwa uhamishoni Tobolsk, Siberia, kama mhalifu yeyote. Katika mji huo huo, mwaka 1834, alizaliwa Dmitri Mendeleev, ambaye jedwali lake la elementi linawatoa jasho wanafunzi wetu wa kemia. Kengele yenyewe ilirudishwa Uglich mwaka 1892, baada ya karne tatu za kifungo.