Nyaraka za mshauri na shamba la Kang'ata

Mkulima wa Kang'ata, wilayani Handeni, akipewa hati ya haki miliki ya kimila, hutia saini au dole gumba chini ya kila ukurasa. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji nao husaini, kisha ofisa ardhi wa wilaya huigonga mhuri na kuisajili. Ndivyo inavyotaka Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Lakini wazo lililobeba karatasi hiyo, kwamba shamba la mtu liandikwe kwa jina lake ili aweze hata kulikopea, ni kongwe kuliko sheria yenyewe, na nyaraka binafsi za mmoja wa wachumi waliolipigania zimehifadhiwa Hoover Institution, Stanford, California. Naamini nakala zake zinastahili kusomwa Tanzania, na Handeni ina haki ya kuwa ya kwanza kuzidai.

Mchumi huyo ni S. Herbert Frankel, mzaliwa wa Johannesburg mwaka 1903, aliyehamia Oxford 1946 kuwa profesa wa uchumi wa makoloni. Mwaka 1950 alichambua hadharani kuanguka kwa mradi wa karanga wa Kongwa, na hapo tumpe haki yake: aliona vizuri hasara ya serikali kumwaga fedha kwenye ardhi isiyoifahamu. Mwaka 1953 aliingia katika Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki chini ya Sir Hugh Dow. Mwafrika pekee mezani alikuwa Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga. Ripoti ya 1955 ilishauri Kenya, Uganda na Tanganyika ziondoke taratibu katika umiliki wa kikabila kuelekea umiliki wa mtu mmoja mmoja, ardhi iweze kuuzwa na kununuliwa.

Kuna atakayesema ushauri huo ulikwishazikwa. Ni kweli Nyerere aliupinga umilikishaji wa kudumu katika kijitabu chake Mali ya Taifa mwaka 1958, akihofia wenye fedha wangenunua ardhi ya maskini, maskini hao wakabaki wapangaji kwao, na baada ya Uhuru serikali ikaufuta. Ila mwaka 2004 ulipoanzishwa MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, kwa mchango wa mchumi wa Peru Hernando de Soto, Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za majaribio ya kurasimisha mashamba vijijini. Sidai kwamba de Soto alimnakili Frankel. Tena hati ya kimila si umiliki wa kudumu: ardhi inabaki ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Hata hivyo swali ni lilelile la 1955, na tangu 2022 limezidi uzito wilayani humo, familia kutoka Ngorongoro zilipohamishiwa kijiji cha Msomera. Mabishano ya Frankel na Nyerere hayajaisha. Yamehamia kwenye masjala za ardhi za vijiji.

Mwingine atauliza: ripoti si ilichapishwa, ya nini tena kutafuta makaratasi? Ripoti ni maneno ambayo wajumbe wote wamekubali kuyasaini. Kilichobishaniwa, kilichokatwa na aliyeshawishiwa usiku wa mwisho huonekana katika barua na rasimu, na bila hizo tunamhukumu mshauri kwa sauti ya kamati. Kumbukumbu za Tume yenyewe nazo zipo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Kwa hiyo mwanafunzi wa Korogwe anayetaka kuandika historia ya ardhi ya kwao anahitaji viza mbili na nauli ya mabara mawili, ilhali mgeni wa Stanford anahitaji baiskeli tu.

Hoja nzito zaidi ni kwamba nyaraka ni mali ya aliyeziandika, na Hoover wamezitunza vizuri. Nakubali, na ndiyo maana sizungumzii asili. Nazungumzia nakala za kidijitali zikae Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, karibu na majalada ya wilaya ya wakati wa mkoloni. Hapo msomaji ataweza kuweka barua ya mshauri upande mmoja na taarifa ya bwana shauri, ofisa wa wilaya wa kikoloni, upande wa pili, akatafuta kama kuna mahali popote ambapo mkulima wa Handeni aliulizwa.