Kanisa la Inglesham: Kukarabati au Kuhifadhi?

Katika masomo ya fasihi ya kale tumezoea kuyatumia maneno "kukarabati" na "kuhifadhi" kana kwamba yana maana moja. Historia ya kanisa moja dogo la kijijini nchini Uingereza inatuonyesha kwamba maneno hayo yanaweza kupingana.

Kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji liko Inglesham, mkoani Wiltshire, karibu na Mto Thames. Sehemu yake kubwa ni ya karne ya 13. Kinachotuvutia sisi watu wa lugha ni kuta zake. Hapo zamani zilipambwa kwa picha, kwani waumini wengi hawakujua kusoma na ibada iliendeshwa kwa Kilatini. Baada ya Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, picha zilifunikwa kwa chokaa, na juu yake yakaandikwa maneno ya Biblia kwa Kiingereza. Vizazi vilivyofuata navyo vilipaka chokaa na kuandika upya. Leo maandishi ya nyakati mbalimbali yanachungulia, moja chini ya jingine.

Matabaka hayo yangeweza kupotea. Katika karne ya 19 makanisa mengi ya Uingereza yalikarabatiwa kwa kukwangua plasta ya kale, kung'oa viti vya karne zilizotangulia na kuweka vitu vipya vilivyoiga mtindo wa zamani. Mshairi na msanii William Morris, aliyekuwa na makazi jirani huko Kelmscott, alipinga jambo hilo. Mwaka 1877 alishiriki kuanzisha chama cha kulinda majengo ya kale. Hoja yake ilikuwa kwamba kila kizazi kimeacha alama yake, na anayefuta alama moja ili arudishe nyingine anaghushi historia. Mwaka 1888 na 1889, kwa juhudi zake na chini ya msanifu J. T. Micklethwaite, Inglesham ilitengenezwa kwa msimamo huo: kilichodhoofika kiliimarishwa, cha kale kikaachwa mahali pake.

Nasi tuna kuta zetu. Tunapohariri tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, aghalabu tunashawishika kubadilisha maneno ya Kiamu au Kimvita yawe ya Kiswahili sanifu ili mwanafunzi aelewe upesi. Maelezo pembeni ya ukurasa yangemsaidia vilevile, na neno la mtunzi likabaki. Je, tunahifadhi au tunakwangua? Tunawaachia wasomaji swali hili walijadili darasani.