Gia, sekunde na mkanda mmoja: historia fupi ya kubadilisha gia haraka

Leo tuachane kidogo na PHP na hifadhidata. Nataka tuzungumze juu ya giaboksi, na usiende mbali, kwa sababu mbele kuna kisa cha kutafuta hitilafu ambacho kila mwandishi wa programu anafaa kukijua.

Kila aliyejifunza gari la manuali anakumbuka ule mlio. Unakanyaga klachi, unaharakisha mkono, chuma kinasaga na abiria wote wanakutazama. Sababu ni tofauti ya kasi. Ili gia ishikane na shafti yake, sharti viwili hivyo vizunguke kwa kasi moja. Visipolingana, meno yanagongana.

Zamani kusawazisha huko kulikuwa kazi ya dereva. Akitaka kushuka gia alikanyaga klachi, akatoa gia, akaachilia klachi, akakanyaga mafuta kidogo injini ipande, akakanyaga klachi mara ya pili, ndipo akaingiza. Hizo ni hatua sita kwa gia moja! Na haikuwa mbwembwe. Hebu fikiria lori lililojaa mzigo likiteremka mlima: ukitoa gia na inayofuata ikatae kuingia, umebaki nyutro, breki peke yake ndiyo inayokushikilia, nayo inazidi kupata moto.

Mwaka wa 1928 Cadillac ya Marekani ilileta sinkromeshi, kazi ya mhandisi Earl Thompson. Ni kifaa chenye umbo la pia kinachosuguana na gia kabla meno hayajakutana, hadi kasi zilingane. Hesabu ya dereva ikahamia ndani ya chuma. Lakini msuguano unahitaji muda. Ukilazimisha liva kwa nguvu hupati kasi zaidi, unakula sinkromeshi tu. Wale jamaa wanaojisifu kwa kupiga gia kama risasi, fundi wao ndiye anayenufaika.

Magari ya mashindano yaliiacha sinkromeshi kabisa na kutumia meno makubwa yanayoingiana kwa kishindo. Ni haraka, ila mkono bado unatoka kwenye usukani, na ukikosea ukaingiza gia ya chini mno, injini inazungushwa kupita kiasi na kupasuka.

Hapa ndipo anapoingia John Barnard, Mwingereza aliyebuni magari ya Ferrari akiwa Guildford, Uingereza, badala ya kuhamia Italia. Barnard alitaka kuondoa liva ya gia kabisa. Dereva angevuta kijiti nyuma ya usukani, kompyuta ingeamuru vali, na mafuta yenye shinikizo yangesukuma klachi na gia. Faida haikuwa kasi pekee: bila liva na vyuma vyake, chumba cha dereva kingeweza kuwa chembamba na gari likapasua hewa vizuri zaidi. Kwa hiyo gari la 1989, Ferrari 640, lilichorwa bila nafasi ya liva. Kama mfumo ungeshindwa hapakuwa na njia rahisi ya kurudi nyuma, na ndani ya Ferrari walikuwepo waliotaka liva irudishwe. Enzo Ferrari mwenyewe alikuwa amefariki Agosti 1988.

Katika majaribio gari lilizimika kila mara. Mbio za kwanza zilikuwa Brazil, Machi 1989, na Nigel Mansell alikuwa anaiendeshea Ferrari kwa mara ya kwanza. Matumaini yalikuwa haba hivi kwamba aliweka nafasi kwenye ndege ya mapema ya kurudi nyumbani. Akashinda! Katikati ya mbio walimbadilishia hata usukani, vijiti na vyote, na bado akamaliza mbele ya Alain Prost.

Baada ya hapo mambo yakaharibika tena. Gerhard Berger, mwenzake, alimaliza mbio tatu tu msimu mzima. Nyingine zilikuwa ajali, lakini lawama nyingi ziliangukia giaboksi na elektroniki yake. Nani angelaumu kitu kingine? Kompyuta ndiyo iliyokuwa mgeni.

Hatimaye walipochunguza injini ikizunguka, walikuta kwamba krankishafti ya ile V12 ilikuwa na mtetemo. Mtetemo ulirusha mkanda unaozungusha alternata, umeme ukapungua, na giaboksi ikawa ya kwanza kufa kwa kukosa umeme. Elektroniki ilitoa ripoti ya kosa lililokuwa kwingine. Kama umewahi kukesha ukisoma msimbo wako kumbe seva ndiyo iliyojaa diski, unaelewa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 karibu kila timu ya Formula 1 ilikuwa imefuata. Gari la Forti la 1995 hutajwa kuwa la mwisho lenye liva ya kawaida. Mwaka wa 1997 Ferrari iliuza F355 ya barabarani yenye vijiti hivyo hivyo.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa wazo la zamani. Mfaransa Adolphe Kégresse alibuni klachi mbili mwishoni mwa miaka ya 1930, Porsche ikaijaribu katika mashindano miaka ya 1980, na Volkswagen ikaiuza katika Golf R32 mwaka wa 2003. Klachi moja inashika gia witiri, nyingine gia shufwa. Ukiwa gia ya tatu unaongeza mwendo, kompyuta imeshaingiza ya nne na inasubiri tu kubadilishana klachi. Ni kama kivinjari kinachopakua ukurasa kabla hujaubofya. Lakini ikikisia vibaya, ukataka ya pili ghafla, ya pili na ya nne ziko upande mmoja: lazima kwanza iitoe ya nne ndipo iingize ya pili, nawe unasubiri.