Wali wa Maporomoko

Isangi, ambako Lomami humimina maji yake katika mto Kongo, ilitiwa ndani ya mipaka ya uwali iliyoandikwa mbali nayo mno, mjini Unguja, tarehe 24 Februari 1887. Chanzo chake ni kwamba Agosti ya mwaka uliotangulia, mwanamke aliyemtoroka bwana wake Mwarabu aliomba hifadhi katika boma la Dola Huru ya Kongo kwenye Maporomoko ya Stanley. Naye Deane, mkuu wa boma, akakataa katakata kumrejesha, vikazuka vita vya siku chache, hata risasi zilipowaishia, watu wa dola wakalihama boma.

Mkubwa wa Waarabu wa huko, Hamed bin Muhammad el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, hakuwapo. Alikuwa safarini kwenda pwani, na huko Stanley, mjumbe wa Mfalme Leopold mwenye dola ile, akamwendea kwa suluhu. Mbele ya Holmwood, kaimu balozi wa Kiingereza, wakaafikiana kwamba Tippu Tip awe wali wa Maporomoko kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, atweke bendera ya buluu yenye nyota ya dhahabu, na azuie utekaji wa watumwa tangu Maporomoko hata mto Aruwimi. Biashara yake mwenyewe akaachiwa, na hicho, kwa rai yangu, ndicho kilichomridhisha, kwani mshahara ule kwa tajiri wa pembe ulikuwa kama sadaka. Walokele, wavuvi wa kingo za Isangi, hawakushauriwa.

Mwaka 1889 dola ilijenga kambi Basoko, mlangoni mwa Aruwimi, kumzuia mshirika wake asishuke. Na kufikia 1894 vita vya dola na Waarabu vilikuwa vimeufuta uwali wenyewe.