Mhadhara na Hadhira Chini ya Mlima Meru

Katika makala haya nakusudia kuchunguza jinsi elimu ya vyuo vikuu ilivyojaribu, kwa nyakati mbalimbali, kutoka nje ya kuta zake na kuwafikia watu wote, hasa katika mji wa Arusha na nchi iliyo chini ya Mlima Meru. Siku hizi jambo hili linasemwa sana. Wataalamu hutoa hotuba fupi mbele ya vyombo vya kunasa sauti na picha, nazo husambazwa kwa intaneti. Na zile za sauti peke yake, ziitwazo podikasti, husikilizwa na watu wakiwa safarini au jikoni. Wengi wadhani kwamba huu ni mwanzo mpya kabisa. Historia haisemi hivyo.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Mhadhara, hadhara, hadhira na kuhudhuria ni maneno ya ukoo mmoja, na asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo mahali. Basi, tukilifuata neno, mhadhara si maneno ya mtaalamu tu, bali ni maneno yasemwayo mbele ya watu waliopo, wawezao kukunja uso wasipoelewa, na kuuliza. Kipimo hicho ndicho nitakachokitumia.

Mfano wa kwanza haukutoka chuo kikuu, lakini hauwezi kuachwa. Mwezi Januari mwaka 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha na kulipitisha Azimio linalojulikana kwa jina la mji huo. Likatangazwa tarehe 5 Februari. Kwa mwanaisimu lina funzo kubwa. Mawazo mazito ya uchumi na siasa yalitolewa kwa Kiswahili kwanza, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata. Kitenzi kunyonya, ambacho kila mtoto akijua, kilibebeshwa nadharia nzima ya uchumi, na mkulima wa migombani aliweza kuibishia nadharia hiyo kwa kuwa alilielewa neno.

Mfano wa pili ni wa chuo kikuu hasa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 ikiwa tawi la masomo ya nje ya Chuo cha Makerere. Baadaye ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mpaka ilipofanywa shirika linalojitegemea kwa sheria ya mwaka 1975. Katika miaka hiyo ya chuo kikuu ndipo ilipoanzisha masomo ya redio kwa vikundi: Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971, na Mtu ni Afya mwaka 1973. Hilo la tatu lilikuwa kubwa kupita yote. Kwa muda wa majuma 12 watu wapatao milioni 2 nchini walikutana vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa sura ya kitabu, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufunzwa. Watu walichimba vyoo, wakafyeka majani yaliyozunguka nyumba, wakahimizana kuchemsha maji ya kunywa.

Yaweza kusemwa kwamba sauti ile ilitoka juu kwenda chini, na kwamba chama na serikali vilikuwa na mkono katika kuwakutanisha watu. Ni kweli. Hata hivyo redio haikuachwa iseme peke yake. Iliponyamaza, ndipo kazi ilipoanza, kwa lugha ambayo kikundi kiliijua.

Sasa tuutazame mfano wa tatu. Tangu tarehe 4 hadi 7 Juni mwaka 2007, shirika la Marekani liitwalo TED lilifanya mkutano wake Arusha, chini ya uongozi wa Emeka Okafor aliyeupanga. Mwaka mmoja kabla yake shirika hilo lilikuwa limeanza kuweka hotuba zake katika intaneti ili kila mtu azitazame bila malipo. Waliosema Arusha walikuwa watu wa maana: Jane Goodall aliyewachunguza sokwe wa Gombe, Zeresenay Alemseged wa Ethiopia aliyegundua mabaki ya kale ya mtoto wa jamii ya viumbe waliomtangulia binadamu, na George Ayittey wa Ghana aliyewafananisha viongozi wazito na viboko na vijana wepesi na duma.

Kati yao alikuwapo kijana wa Malawi, William Kamkwamba, mwenye miaka 19. Alikuwa ameacha shule kwa kukosa karo, akasoma kitabu cha maktaba, akajenga mtambo wa upepo wa kutoa umeme kwa vipande vya baiskeli na vyuma chakavu. Jukwaani Arusha maneno yake yalikuwa machache na ya kusitasita. Mikono yake ilijua mengi. Kiingereza ndicho kilichombana. Hadhira ilimshangilia, na ilistahili kumshangilia. Lakini mwanaisimu hana budi kujiuliza angalisema mangapi kwa Kichewa, na nani angalikuwa na subira ya kumsikiliza.

Hotuba hizo zimetazamwa katika mabara yote. Mwaka 2009 shirika hilo likaanzisha mradi wa wafasiri wa kujitolea, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zilizofanyiwa kazi hiyo. Ni jambo jema. Ila tafsiri iliyoandikwa chini ya picha humfaa ajuaye kusoma upesi, nayo haimpi nafasi ya kuuliza. Kwa kipimo chetu, hotuba zile zilisemwa Arusha bila kusemwa na Arusha.

Nami sijitoi katika lawama hii. Niliporudi kutoka ng'ambo na shahada yangu ya udaktari, mzee mmoja wa ukoo wetu aliniuliza, "Haya, mwanangu, umekaa huko miaka yote hiyo; umetuletea nini?" Nilianza kumweleza, na kila sentensi ikaomba neno la Kiingereza. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza habari za hali ya hewa ya huko. Nilielewa kwamba nilikuwa nimefeli mtihani.

Upungufu huu si wa fahari tu; waweza kugusa mifupa ya watoto. Mlima Meru ni wa volkeno, na miamba yake hutia floridi katika maji ya chemchemi na visima vingi. Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi huyatia meno rangi ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa na kuipinda miguu ya watoto. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya sehemu kadhaa za huko yapita kikomo hicho mara nyingi. Mojawapo ya sehemu hizo ni Engare Nanyuki, jina la Kimaasai lenye maana ya maji mekundu, ambako mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000. Kwa ajili yao Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952 kusema mbele ya Umoja wa Mataifa.

Elimu ya maji hayo haiko mbali. Tengeru, mwendo mfupi kutoka mjini, pana Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011. Mhadhiri wake mmoja, Askwar Hilonga, alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika ya mwaka 2015 kwa chujio lake la maji. Wajuzi wapo. Daraja ndilo lililo jembamba.

Niliwahi kuombwa kumfasiria mtaalamu mmoja aliyesema juu ya floridi mbele ya wanakijiji, huku hotuba ikinaswa ili isambazwe. Alisema kwa Kiingereza fasaha, nami nikafuatisha. Alipomaliza, mama mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, na sisi tunaoyachemsha je?" Mtaalamu alishtuka. Hakuwa amelitaja jambo hilo, kwa kuwa kwake lilikuwa dhahiri: kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuiondoi floridi, maji yakipungua kwa mvuke, ile iliyobaki huzidi ukali. Watu wale walikuwa wamefunzwa kuchemsha tangu siku za wazazi wao, nao walidhani wamekwisha kujikinga. Swali lile moja lilikuwa na faida kuliko hotuba nzima. Baadaye niliisikiliza hotuba iliyosambazwa. Ilikuwa imekatwa kabla ya swali.

Kwa hiyo naona mambo matatu yatupasa. Kwanza, mtaalamu asemaye na umma aandae maneno yake kwa Kiswahili tangu mwanzo, asingoje mfasiri. Istilahi zipo: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Pili, maswali ya wasikilizaji yasikatwe, maana ndiyo nusu ya mhadhara. Na wazee ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza waachwe waulize kwa Kimeru au Kimaasai, apatikane wa kuwafasiria. Tatu, sisi wa lugha tuyasikilize maswali hayo na kuyakusanya, maana humo mna maneno ambayo watu wenyewe hutumia kutajia maji, meno na maradhi, na istilahi iliyojengwa juu ya maneno hayo haihitaji kufafanuliwa mara mbili.

Podikasti ni chombo kizuri, kama redio ilivyokuwa. Lakini chombo hakigeuzi wasikilizaji kuwa hadhira. Hadhira ni watu waliopo, na aliyepo huuliza.