Safari na Taabu

Mwanafunzi aanzapo Kiingereza hufundishwa kitenzi “travel”, akaambiwa kuwa maana yake ni kusafiri. Ni kweli, lakini asili yake ni chungu. Wataalamu wengi wa lugha hulifuata neno hilo nyuma hadi Kifaransa cha kale, “travailler”, yaani kutesa au kutaabika, na kutoka hapo hadi Kilatini “tripalium”, chombo cha miti mitatu alichofungiwa mtu ili ateswe. Njia za Ulaya siku zile zilikuwa mbovu na zenye hatari. Kwa hiyo Waingereza wakatumia neno moja kwa taabu na kwa mwendo. Baadaye neno likagawanyika: “travail” ikabaki na taabu, “travel” ikashika njia.

Neno letu lina ukoo mwingine. Safari, msafiri na msafara ni watoto wa shina moja la Kiarabu, ambalo pia lina maana ya kufunua. Waarabu wa kale walisema safari imeitwa hivyo kwa kuwa hufunua tabia za watu.

Nchi ya Ukamba yathibitisha asili zote mbili. Wakamba wana kitenzi “kuthuua”, yaani kwenda kutafuta chakula wakati wa njaa. Mvua ilipokosekana Kitui, watu walikwenda kwa jamaa zao katika vilima vya Mbooni, Makueni, au kwa makabila jirani, wakabadilisha mali kwa nafaka. Wanahistoria huona kuwa miendo hiyo ndiyo iliyozaa misafara ya karne ya 19, iliyopeleka pembe za ndovu Mombasa.

Mkuu mmoja wa biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui. Mwaka 1849 alimkaribisha mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, ambaye tarehe 3 Desemba aliuona Mlima Kenya kutoka huko. Mwaka 1851 walifuatana kuelekea mto Tana. Wanyang’anyi wakawavamia, Kivoi akauawa, naye Krapf akatangatanga peke yake kwa njaa na kiu, akichukua maji katika mitutu ya bunduki. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake.

Leo “safari” ni neno la Kiingereza pia, na humaanisha kwenda kutazama wanyama kwa starehe. Msomaji alikutapo huko, na akumbuke wale waliolibeba kwanza pamoja na mzigo mabegani, huku watoto wakiwangoja nyumbani na chungu kitupu.