Kutoka Mbamba Bay hadi Liuli: historia ya hesabu ya nahodha

Ziwa Nyasa limelala kaskazini-kusini, urefu wake ukikaribia kilomita 580. Anayelipanda au kulishuka hubadilisha zaidi latitudo, na dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852.

Longitudo ndiyo iliyosumbua. David Livingstone, aliyefika ziwani mwaka 1859 na kurudi na mashua 1861, aliweza kuipata latitudo kwa kupima kimo cha jua au nyota. Longitudo kwa kawaida ilidai saa isiyokosea: ikipotea sekunde nne tu, chombo kimehama karibu maili nzima kwenye ramani. Na saa iliyopitishwa kando ya maporomoko ya mto Shire, nani angeiapia? Livingstone hakuufikia mwisho wa kaskazini, E. D. Young ndiye aliyelizunguka ziwa mwaka 1875 kwa meli Ilala. Wakati huo majahazi ya Jumbe wa Kotakota yalikuwa yamekwishazoea kuvusha watumwa na pembe za ndovu hadi ufuko wa mashariki, bila digrii hata moja.

Karne ya 20 ilipoanza, Rhoades, ofisa wa majini wa Uingereza, alishiriki kulipima ziwa kwa ajili ya ramani ya mabaharia. Agosti 1914 huyohuyo aliiongoza meli Gwendolen hadi Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo, akaishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa meli hiyo ya Wajerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza.

Tuipige hesabu hapohapo, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mbamba Bay iko takriban 11°17′ kusini, 34°46′ mashariki. Liuli 11°05′ na 34°38′. Tofauti ni dakika 12 za latitudo na 8 za longitudo. Mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoiacha ikweta, kwa hiyo zile 8 zizidishe kwa 0.98: zinabaki 7.8. Kanuni ya Pythagoras inatoa maili 14.3, kama kilomita 26.5. Ukitumia saa tatu, mwendo ni maili 4.8 kwa saa.

Safari hiyo mwera, upepo wa kusini-mashariki, unakusukuma mgongoni. Kurudi ndiko kwenye kazi, maana chombo hubisha, yaani huupanda upepo kwa mshazari. Kikikata upepo kwa pembe ya digrii 45 kila upande, maili 14.3 zinakuwa 20. Nahodha aliyetumia saa tano, akipima kwa simu mwanzo na mwisho tu, ataambiwa mwendo wake ni 2.9, ilhali jahazi limekwenda 4. Simu haikudanganya, imeulizwa swali pungufu.

Basi mwenye tanga na simu arekodi mahali na saa kila anapogeuza chombo, ajumlishe vipande, ndipo agawe kwa muda.